Lumeni 9,000 za wapi? Tunavyozisoma vibaya namba za projekta

Siku hizi ni vigumu kuperuzi simu dakika kumi bila kukutana na tangazo la projekta ndogo inayoenea kiganjani: lumeni 9,000, 4K, HDR, kontrasti ya 10,000 kwa 1, picha ya inchi 300. Anayeinunua anaiwasha, anaona picha imefifia ukutani kama imemwagiwa maziwa, anarudi mtandaoni kuandika neno moja: feki. Katika malalamiko hayo umezuka msimamo unaozidi kukubalika, kwamba namba za kitaalamu za projekta ni danganya toto zote, zipuuzwe, mtu afuate macho yake. Na mwaka 2025 lilipotoka toleo jipya la HDMI, njia ya kebo inayopeleka picha na sauti kwenye projekta, toleo la 2.2, lenye uwezo wa kupitisha gigabiti 96 kwa sekunde, mara mbili ya lililotangulia, msimamo huo ulipata kuni zaidi. Namba nyingine tena, watu wakauliza, ya kutuuzia nini?

Naona hukumu hiyo imemkamata asiyehusika. Uongo mtupu upo, na nitaonyesha namna ya kuutambua. Lakini sehemu kubwa ya kilichoandikwa kwenye maboksi hayo ni kweli, ila ni kweli ya kitu kingine, si ya picha utakayoitazama. Lumeni hizo zimehesabiwa mahali ambapo jicho lako halifiki. 4K hiyo ni ya kinachoingia kwenye mashine, si ya kinachotoka. Kontrasti hiyo ni ya chumba ambacho huna. Istilahi ya kipimo ni mkataba: inataja kilichopimwa, mahali kilipopimwa na utaratibu uliotumika. Namba ikikosa kimojawapo, bado haijasema kitu. Mnunuzi anayezitupa namba zote kwa hasira anatupa pia silaha pekee aliyonayo mbele ya muuzaji.

Tuanze na lumeni, maana ndiyo inayoumiza wengi. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka, wote, uwe umekusanywa kwenye eneo dogo au umetawanywa kwenye eneo kubwa. Luksi ni mwanga ulioangukia kila mita ya mraba. Lumeni moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba ni luksi moja. Niti ni mng'ao unaorudi kutoka kwenye skrini kuja machoni. Maneno haya matatu huchanganywa kila siku, hata na wanaoandika habari za teknolojia. Yote huitwa "mwangaza", kana kwamba maji ya tangini, maji yanayomwagikia kwenye ndoo na maji unayoyanywa ni kiasi kimoja. Projekta za zamani za mirija zilikuwa zikitangazwa kwa mwanga wa kilele, yaani kipande kidogo cheupe kikiwaka peke yake katikati ya giza, na namba ikitoka kubwa kuliko picha nzima ingeweza kutoa. Mwaka 1992 taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, ikaweka utaratibu. Skrini nzima inawashwa nyeupe, inagawanywa sehemu tisa zilizo sawa, kipima mwanga kinawekwa katikati ya kila sehemu, kisha wastani wa luksi unazidishwa kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Hizo ndizo lumeni za ANSI. Baadaye njia hiyo iliendelezwa katika kiwango cha kimataifa, ISO 21118, ambacho ndicho viwanda vikubwa hukitaja leo. Hakuna siri ndani yake. Mwenye kipima mwanga na futi ya kupimia anaweza kuurudia mtihani huo nyumbani.

Niliwahi kuurudia. Ndugu yangu alikuwa amenunua projekta iliyoandikwa lumeni 9,000, akaifunga kwenye ukumbi mchana, ikamwaibisha mbele ya watu. Usiku tukazima taa, tukatandaza ukutani picha nyeupe yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.125, tukachora alama tisa kwa penseli. Alama ya katikati ilisoma luksi 121. Pembe ya chini kushoto ilisoma 58, na hata kwa macho matupu ulionekana moshi umetanda hapo. Wastani wa zote tisa ulikuwa 80. Eneo lilikuwa mita za mraba 2.25, 80 mara 2.25 ni lumeni 180. Yaani sehemu moja kati ya hamsini ya kilichoandikwa kwenye boksi.

Zile nyingine zilikwenda wapi? Ndani ya projekta nyingi za aina hii mna taa ya LED na paneli moja ya LCD, jamaa wa kioo cha simu. Ili paneli hiyo ifanye kazi, mwanga lazima upite kwanza kwenye kichujio kinachoruhusu mtetemo wa upande mmoja tu, na nusu yake au zaidi huishia hapo. Kisha kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, imegawanywa nyekundu, kijani na buluu; kila kichujio cha rangi hukamata rangi mbili na kuachia moja, kwa hiyo theluthi mbili ya kilichobaki nayo inakwenda. Vichujio hivyo tu vimekuachia kama sehemu moja kati ya sita. Bado kuna njia ndogo za umeme zinazoziba sehemu ya kila pikseli, kuna lenzi nyepesi, kuna mwanga unaogonga kuta za ndani za mashine na kugeuka joto. Projekta bora za LCD hukwepa sehemu ya hasara hii kwa kutumia paneli tatu, kila moja na rangi yake, ndiyo maana ni kubwa na nzito zaidi. Basi muuzaji aliyeandika mwanga wa taa kabla haujaanza safari hiyo huenda hakubuni namba. Alichukua namba ya taa akaibandika kwenye boksi la projekta, na neno "lumeni" likamruhusu, kwa sababu halikuulizwa linatoka wapi.

Uongo mtupu una sura nyingine, na kuutambua hakuhitaji kifaa chochote. LED nyeupe nzuri hutoa kati ya lumeni 100 na 200 kwa kila wati inayokula. Ukikuta mashine inayotumia wati 50 kwa jumla, feni na spika zikiwemo, na boksi linasema lumeni 20,000, hizo hata taa yake ikiwa imetolewa nje na kuwashwa peke yake haiwezi kuzitoa. Geuza adapta, soma wati, fanya hesabu. Huo ndio mpaka kati ya namba iliyowekwa mahali pasipo pake na namba ambayo haikutoka popote, na ni vizuri tuache kuziita zote kwa jina moja, maana dawa zake ni tofauti.

Wanaozitetea namba kubwa wana hoja moja wanayoipenda: kwamba lumeni za LED na za leza si sawa na lumeni za taa za kawaida, jicho huziona zaidi, kwa hiyo ni haki kuzizidisha. Ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, ingawa imesimama juu ya jambo la kweli. Ni kweli kwamba rangi iliyokolea sana huonekana inang'aa kuliko kipimo kinavyosema. Wataalamu huiita athari ya Helmholtz na Kohlrausch, kwa majina ya wanasayansi wa Kijerumani. Lakini sharti lake ni rangi iliyokolea. Nyeupe haikukolea rangi yoyote. Ukurasa wa maandishi, jedwali la hesabu, uso wa mtu, mawingu ya mchana, vyote hivyo havipati nyongeza ya maana, na hivyo ndivyo projekta nyingi huonyesha saa nyingi za maisha yake. Isitoshe, athari hiyo hutokea katika utambuzi wa mtazamaji, na hubadilika kwa rangi na kwa mtu. Ukiichukua ukaizidisha ndani ya lumeni, kipimo ambacho kilibuniwa ili watu wawili wakipima kitu kimoja wapate jibu moja, umekiua. Anayetaka kusifia rangi za leza azisifie kwa jina lake, zinastahili.

Upande wa pili nao una waumini wake: nunua yenye lumeni za ANSI, mengine achana nayo. Hawa nawaelewa zaidi, ila wanakiamini kipimo kuliko chenyewe kinavyojidai. Lumeni za ANSI hupima nyeupe tu. Chukua projekta za DLP, teknolojia iliyozaliwa mwaka 1987 mikononi mwa Larry Hornbeck wa Texas Instruments: chipu yenye vioo vidogo mno, kila kioo kikipinda huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Zile za chipu moja hupata rangi kwa kuzitoa moja baada ya nyingine, nyingi kwa gurudumu linalozunguka mbele ya taa. Mtengenezaji akiweka kwenye gurudumu hilo kipande kisicho na rangi, mwanga mweupe unapanda sana huku nyekundu na kijani zikibaki zilipokuwa. Namba ya ANSI itapanda kihalali kabisa, na picha ya bustani itaonekana imepauka kando ya maandishi meupe makali. Kampuni za LCD za paneli tatu, Epson ikiwa mbele, zimedai kwa miaka mingi kwamba mwanga wa rangi utangazwe kando ya mwanga mweupe. Zina maslahi, kwa kuwa paneli tatu hutoa vyote viwili kwa kiasi kilekile. Lakini hoja haiharibiki kwa sababu mwenye kuitoa ananufaika nayo. Ongeza kwamba namba inayotangazwa kwa kawaida huchukuliwa mashine ikiwa kwenye hali yake ya kung'aa kuliko zote, ambayo aghalabu rangi zake huelekea kijani, na ukihamia hali ya sinema unaweza kupoteza theluthi au nusu. Vilevile "saa 20,000" za leza kwa kawaida maana yake ni muda wa mwanga kushuka hadi nusu. Taa haizimiki siku hiyo, lakini ulichonunua kimebaki nusu, na kilianza kupungua tangu wiki ya kwanza.

Nihamie kwenye rezolusheni, yaani wingi wa pikseli, na hapa nina ugomvi na neno moja. Kiswahili chetu cha vifaa kimeokota kitenzi "kusapoti". Projekta inasapoti 4K. Anayesoma anaelewa kwamba inaonyesha 4K. Aliyeandika amesema kwamba ukiipa 4K haitaikataa. Lugha yetu ina vitenzi viwili ambavyo haviwezi kuchanganywa hata na mtoto, kupokea na kuonyesha, na tumeviacha vyote tukachukua cha tatu kinachoficha tofauti yao. Tazama ukubwa wa kinachofichwa. Picha ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, jumla 8,294,400. Paneli ya projekta ndogo yenye 1,280 kwa 720 ina pikseli 921,600. Gawanya: ni tisa kamili. Kila pikseli tisa zinazoingia, inatoka moja. Mashine imepokea, kweli; imeonyesha sehemu moja kati ya tisa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja, na lifikishwe kwa maneno hayohayo: paneli yenyewe ina pikseli ngapi kwa ngapi? Akijibu kwa neno "inasapoti", hajajibu.

Herufi zinazoandamana na pikseli hizo ni urithi wa kompyuta zaidi kuliko wa sinema, na ndiyo sababu ya fujo yake. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, pikseli 640 kwa 480. Ikafuata SVGA, 800 kwa 600, kisha XGA, 1,024 kwa 768, zote za umbo la nne kwa tatu. Skrini zilipopanuka likaongezwa W: WXGA ni 1,280 kwa 800, na WUXGA ni 1,920 kwa 1,200, kubwa kidogo kuliko Full HD yenye 1,920 kwa 1,080. Hata 4K zipo mbili, ya majumba ya sinema yenye upana wa pikseli 4,096 na ya nyumbani yenye 3,840. Hakuna haja ya kuzikariri. Andika namba mbili, upana na kimo, na herufi zote zinakuwa hazina kazi.

Lipo swali moja la rezolusheni ambalo limenipeleka na kunirudisha. Projekta nyingi za DLP zinazouzwa kwa jina la 4K hutumia chipu yenye vioo 1,920 kwa 1,080. Kifaa kidogo cha kioo mbele ya chipu huisogeza picha kwa kiasi kisichofika pikseli moja, mara nne ndani ya sehemu moja ya sitini ya sekunde, na kila inaposogea vioo hubeba pikseli nyingine. Jumla yake inafika milioni 8.3. Wapinzani wanasema ni ujanja, kwa sababu pikseli hizo nne zinalaliana; mstari mwembamba wa pikseli moja, mweusi kando ya mweupe, hautakuwa mkali kama ule wa projekta za Sony au JVC zenye paneli ambazo kila pikseli ina mahali pake. Wana haki kuhusu mstari huo. Lakini nimeishia kukubaliana na watetezi, kwa sababu habari zote milioni 8.3 zimefika kwenye skrini, hakuna iliyotupwa, na jicho haliwezi kuzifuata zikija kwa zamu kwa kasi hiyo. Hii haifanani hata kidogo na paneli ya 720 inayotupa nane kati ya tisa. Ninachodai ni kwamba njia iandikwe. Mnunuzi wa michoro ya uhandisi na mnunuzi wa filamu wana haja tofauti, na kila mmoja anastahili kujua pikseli zake zimefikaje.

Kontrasti ndiyo namba niliyoacha kuiamini kabisa kwenye boksi, na sababu yake iko chumbani kuliko kiwandani. Ni uwiano wa nyeupe ya mashine kwa nyeusi yake. Ikipimwa kwa kuwasha skrini nzima kisha kuizima nzima, na mashine ikiruhusiwa kuifinya taa wakati wa giza, unaweza kuandika milioni moja kwa 1. Ikipimwa kwa njia ya ANSI, miraba 16 ya nyeupe na nyeusi kwa pamoja kwenye skrini, mwanga wa miraba myeupe huvuja ndani ya lenzi na kuichafua ile myeusi, na mashine hiyohiyo hushuka hadi mamia. Ya pili iko karibu zaidi na filamu halisi. Lakini zote mbili hupimwa gizani, na projekta ina upungufu ambao televisheni haina: haiwezi kutoa nyeusi. Nyeusi yake ni rangi ya ukuta pale ambapo haijamulika. Turudi kwenye ukumbi wa ndugu yangu. Mchana, mwanga wa madirisha pekee ulikuwa unaupa ukuta luksi 200. Ukuta mweupe usio na mng'aro hurudisha luksi zikigawanywa kwa 3.14, hivyo "nyeusi" yake ilikuwa niti 64 kabla projekta haijawashwa. Luksi 80 za mashine zinaongeza niti 25 tu. Nyeupe ni 89, nyeusi ni 64. Kontrasti ni 1.4 kwa 1. Projekta ya lumeni 4,000 za ANSI mahali palepale ingefikisha nyeupe niti 630 dhidi ya 64, kama kumi kwa 1, na maandishi yangesomeka hadi viti vya nyuma. Hiyo 10,000 ya kwenye boksi haikuwahi kuingia ukumbini. Pazia zito la dirishani lingefanya kazi kubwa kuliko namba yoyote ya kontrasti unayoweza kuinunua.

Ukishayashika hayo, HDR, yaani picha yenye masafa mapana zaidi kati ya giza na mwanga, haikusumbui tena. Kiwango kinachobeba HDR nyingi, SMPTE ST 2084 cha mwaka 2014, kinaeleza mwanga hadi niti 10,000, na filamu zake hutayarishwa kwa skrini zinazofika niti 1,000 au 4,000. Jumba la sinema la kawaida limewekewa niti 48. Projekta yenye lumeni 2,000 za kweli ikijaza skrini ya inchi 100, karibu mita za mraba 2.75, inakupa niti 231, chini ya robo ya 1,000. Kwa hiyo projekta yoyote inayocheza HDR inalazimika kuubana mwanga wa filamu uingie katika nafasi yake ndogo, na ubora uko kwenye ustadi wa kubana, jambo ambalo nembo haisemi. Sisemi HDR kwenye projekta ni bure. Ngazi za rangi zilizo nyingi zaidi huonekana kweli, anga la jioni halikatiki mistari. Ila mashine ya lumeni 180 inayosapoti HDR imepokea tu, kwa mara nyingine.

Na HDMI 2.2? Namba ya toleo la HDMI inaeleza upana wa mlango, haielezi kinachopita. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ina gigabiti 18 kwa sekunde. 4K ya fremu 60 kwa sekunde yenye rangi kamili za biti 8 huujaza karibu wote, na ukitaka biti 10 inabidi rangi zipunguzwe ili ziingie. HDMI 2.1 ya mwaka 2017 ikapanua hadi 48. Mpaka hapo mambo ni safi. Kilichovuruga ni kwamba mwishoni mwa mwaka 2021 wasimamizi wa leseni za HDMI walithibitisha kuwa toleo la 2.0 halisimami tena peke yake: kifaa chenye uwezo wa 2.0 kinaweza kuitwa 2.1, mradi mtengenezaji ataje vipengele alivyo navyo. Namba ikaacha kuwa kipimo, ikawa jina la kitabu cha kanuni. Anayeamua ni aliye dhaifu kati ya kicheza video, kebo na projekta, na kama mmoja wao hana HDCP 2.2, kufuli ya kuzuia filamu zisinakiliwe, 4K ya huduma za filamu inaweza isifike kabisa. Projekta inayoonyesha Full HD kwa fremu 60 haitapata chochote kutoka kwenye gigabiti 96. Hilo haliifanyi 2.2 kuwa udanganyifu. Imeandikwa kwa ajili ya skrini ambazo wengi wetu bado hatuna.

Wanaosema tuache namba tufuate macho hujikinga kwa methali, mwenye macho haambiwi tazama. Ingekuwa kinga nzuri kama mnunuzi angetazama projekta. Mara nyingi anatazama video ya projekta. Kamera ya simu hufungua mwanga wake yenyewe hadi picha ipendeze, hivyo mashine ya lumeni 150 na ya 3,000 zikirekodiwa kila moja peke yake gizani hutoka zikilingana. Dukani nako unatazama katika chumba cha muuzaji, kwenye skrini ya muuzaji, kwa ukubwa aliouchagua muuzaji. Macho ni hakimu wa mwisho, sikatai, lakini kesi imekwishapangwa kabla hayajafika. Namba yenye utaratibu wake ndiyo kitu pekee kinachosafiri kutoka chumba kimoja hadi kingine bila kubadilika.

Wanaopaswa kubadilika kwanza, kwa maoni yangu, ni wanaoandika mahitaji ya ununuzi: kamati za shule, za nyumba za ibada, za kumbi. Mtu mmoja akikosea kusoma boksi anapoteza fedha zake. Kamati ikiandika "projekta yenye lumeni 5,000, inayosapoti 4K" imefungua mlango kwa mashine ya lumeni 200 kushinda zabuni kihalali, na wanafunzi watakodoa macho kwa miaka. Waandike lumeni kwa ISO 21118 au ANSI, pikseli za paneli kwa upana na kimo, na ukubwa wa picha pamoja na mwanga wa chumba saa itakapotumika. Waandike pia uwiano wa umbali kwa upana wa picha. Projekta ya 1.5 kwa 1 inahitaji mita 3 kutoa picha ya upana wa mita 2, na ikifungwa pembeni itabidi picha inyooshwe kwa programu, kazi inayofanywa kwa kuacha sehemu ya pikseli ulizozilipia bila kutumika. Wafasiri na wauzaji wanaojiheshimu nao wana kazi fupi: pale wanapotaka kuandika "inasapoti", wachague kati ya inapokea na inaonyesha. Muuzaji mwaminifu hatapoteza mteja kwa kusema "inapokea 4K, inaonyesha 1,280 kwa 720". Atapoteza yule ambaye kesho angerudi kumwita tapeli.

Ile projekta ya ndugu yangu haikutupwa. Usiku uleule tuliisogeza karibu na ukuta hadi picha ikafika upana wa mita 1.33 na kimo cha sentimita 75, eneo la mita moja ya mraba. Lumeni zilikuwa zilezile 180, lakini sasa zilikuwa luksi 180, niti 57, juu kidogo ya zile 48 za jumba la sinema. Tulizima taa ya ukumbini, watoto wakakaa sakafuni, na hakuna aliyesema picha ni hafifu.